Maneno 11 Kuhusu Nabii Idrisa

Mwulize mtoto wa madrasa akutajie manabii, naye ataanza mbio: Adamu, Idrisa, Nuhu, Hudi, Swalehe, Ibrahimu... Ndivyo unavyokwenda ubeti wa Aqidatul-Awami, utenzi wa itikadi unaosomeshwa watoto, na wengi wetu tuliushika kwa mahadhi kabla ya kujua maana yake. Kisha mwulize kila mmoja alikuwa na kisa gani. Adamu alikula mti, Nuhu alijenga safina, Swalehe aliletewa ngamia, Ibrahimu alitupwa motoni na moto ukawa baridi. Na Idrisa? Hapo mtoto atanyamaza.

Mimi nami ningenyamaza, lau si kisa kimoja nilichokisikia utotoni kwenye darsa ya alasiri, mwezi wa Ramadhani, saa ambayo mkeka umeshachora mistari miguuni na macho yote yako kwenye saa ya ukutani. Nabii Idrisa, tuliambiwa, alifanya urafiki na Malaika wa mauti. Akamwomba amtoe roho ili aonje kufa kulivyo. Akatolewa, kisha akarudishiwa. Akaomba aonyeshwe Moto, akaonyeshwa. Akaomba aingizwe Peponi, akaingizwa, na alipoambiwa muda umekwisha atoke, akakataa. Mwenyezi Mungu amesema kila nafsi itaonja mauti, nami nimeshayaonja. Amesema kila mmoja wenu ataufikia Moto, nami nimeshaufikia. Na amesema watu wa Peponi hawatatolewa humo. Basi nitokeje? Akaachwa abaki. Tulifurahi mno siku ile, kana kwamba sisi ndio tulioshinda hoja.

Ilipita miaka kabla swali moja halijanijia. Hoja zile tatu ni aya za Qur'ani: moja iko Aal Imran, moja Maryam, moja al-Hijr. Qur'ani imeteremshwa kwa Mtume Muhammad (S.A.W.) katika karne ya 7. Idrisa, kwa kauli ya wengi, aliondoka duniani kabla hata ya gharika ya Nuhu. Alizisoma wapi?

Tangu hapo nimekuwa nikizifuatilia habari za Nabii huyu, na kila nilipovuta uzi mmoja nilikuta umefungwa kwenye mwingine. Kuna Qur'ani. Kuna Hadithi sahihi. Kuna yaliyotoka kwa Mayahudi na Wakristo, yaliyotoka kwa wanafalsafa na wanajimu, na yaliyotoka kwa wapiga ramli. Yote yameingia nyumba moja kwa milango tofauti, na sisi tunayasimulia kwa sauti moja, kama kwamba yana uzito mmoja. Nia yangu hapa ni kuirudisha kila habari kwenye mlango ilioingilia.

Kilicho imara

Qur'ani inamtaja Idrisa mahali pawili tu. Katika Sura Maryam, aya ya 56 na 57: "Wadhkur fil-kitabi Idrisa, innahu kana siddiqan nabiyya. Warafa'nahu makanan aliyya." Na mtaje katika Kitabu Idrisa, hakika yeye alikuwa mkweli mno, Nabii. Na tulimwinua mahali pa juu. Yahesabu maneno hayo kama yalivyoandikwa kwenye msahafu: manane katika aya ya kwanza, matatu katika ya pili. Jumla 11. Mahali pa pili ni Sura al-Anbiya, aya ya 85 na 86, anapotajwa pamoja na Ismaili na Dhulkifli: wote walikuwa miongoni mwa wenye kusubiri, nasi tukawaingiza katika rehema yetu, hakika wao ni miongoni mwa watu wema.

Basi. Hakuna jina la baba yake, hakuna mji, hakuna watu wake, hakuna mwaka wala kazi, na hakuna urafiki na Malaika.

Ila maneno hayo machache si mepesi. Hilo neno "siddiq" tunalijua vizuri kupitia Abubakar Siddiq, na kwa sababu tumelizoea tunalipita haraka. Katika Sura hiyohiyo ya Maryam limetumika kwa Nabii Ibrahimu pia, aya ya 41, kwa tamko lilelile: siddiqan nabiyya. Siddiq amezidi msema kweli wa kawaida. Ni mtu ambaye kauli yake, moyo wake na kitendo chake havipingani, na ambaye ukweli ukimjia anausadiki bila kuyumba. Kuwekwa kwenye sifa moja na Ibrahimu, kwa herufi zilezile, ni heshima ambayo visa vyote vya wasimulizi havijaifikia.

Tatizo linaanzia kwenye maneno matatu ya mwisho. "Makanan aliyya" ni mahali pa juu au ni daraja ya juu? Mfasiri wa Kiswahili hawezi kukwepa, lazima achague moja, na akishachagua amekwisha kumpa msomaji msimamo. Kiarabu kinaruhusu yote mawili. Kitenzi chake, "rafa'a", Qur'ani imekitumia kwa Nabii Isa katika Sura an-Nisaa, kwamba Mwenyezi Mungu alimwinua kwake, na Waislamu wengi wanaelewa hapo kuinuliwa kwa mwili. Lakini kitenzi hichohicho kiko katika Alam Nashrah, "warafa'na laka dhikrak", tumekuinulia utajo wako, na hakuna anayedhani utajo ulipaa ukapita mawinguni. Kwa hiyo neno lenyewe halikati shauri.

Hapo inasaidia Hadithi ya Miraji. Katika mapokezi ya Anas bin Malik yaliyomo katika Bukhari na Muslim, vitabu viwili mashuhuri vya Hadithi sahihi, Mtume (S.A.W.) alipandishwa mbingu baada ya mbingu: ya kwanza akamkuta Adamu, ya pili Yahya na Isa, ya tatu Yusufu, ya nne Idrisa, ya tano Haruni, ya sita Musa, ya saba Ibrahimu. Katika mapokezi ya Muslim kwa njia ya Thabit, alipofika kwa Idrisa na kupokewa kwa makaribisho na dua ya kheri, inafuatia palepale ile aya, "Warafa'nahu makanan aliyya". Kwa wanaosema ni mahali hasa, ushahidi hauhitajiki zaidi ya huo.

Na bado swali linabaki wazi kidogo. Ikiwa kuwa mbingu ya nne ndiko kuinuliwa kunakozungumzwa, mbona Haruni, Musa na Ibrahimu wako juu zaidi na hawakusifiwa kwa tamko hilo? Ndiyo maana wafasiri wa mwanzo wenyewe hawakukubaliana. Kauli iliyopokewa kutoka kwa Mujahid ni kwamba Idrisa aliinuliwa bila kufa, kama alivyoinuliwa Isa. Kutoka kwa Ibn Abbas, kwa njia moja, ni kwamba aliinuliwa mbingu ya sita akafia huko. Al-Hasan al-Basri alisema ni Peponi. Hawa ni watu waliokuwa karibu sana na zama za Mtume, na kila mmoja ana kauli yake. Mtu anayesimama leo akasema jambo hili lina jibu moja lisilo na ubishi anawafunga midomo watu waliomzidi elimu.

Ndugu au mwana?

Kuna tofauti nyingine ambayo wengi hawaijui, nami huipenda kuliko zote kwa sababu imejengwa juu ya neno moja la salamu.

Katika Hadithi ya Miraji, manabii walimkaribisha Mtume kwa tamko linalofanana: karibu Nabii mwema. Kisha kila mmoja akaongeza. Adamu alisema "na mwana mwema". Ibrahimu naye alisema "na mwana mwema". Wengine, Idrisa akiwemo, walisema "na ndugu mwema".

Sasa tazama. Adamu ni baba wa watu wote, na Ibrahimu ni babu wa Mtume kupitia Ismaili. Wote wawili walikuwa na haki ya kumwita mwana. Kama Idrisa aliishi kabla ya Nuhu na ni katika mababu wa Nuhu, basi ni babu wa kila aliyebaki baada ya gharika, na Mtume yumo. Mbona asiseme mwana? Abu Bakr Ibn al-Arabi, kadhi na faqihi wa Kimaliki wa Andalusia aliyefariki mwaka 1148 (si yule mwanatasaufi wa jina linalokaribiana), aliishika hoja hiyo: Idrisa hakuwa kabla ya Nuhu. Alikuwa miongoni mwa manabii wa Wana wa Israili.

Wala hakuwa wa kwanza kulifikiria hilo. Imenukuliwa kutoka kwa Ibn Mas'ud na Ibn Abbas kwamba Nabii Ilyasi ndiye Idrisa, yaani ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Bukhari ameitaja kauli hiyo katika Sahihi yake, kwa tamko la "inatajwa" linaloashiria kwamba haikidhi sharti lake. Kisha hapohapo karibu akaweka mlango wa Idrisa na kusema ni babu wa baba yake Nuhu.

Waliojibu hoja ya salamu walisema: manabii ni ndugu, na Idrisa kumwita Mtume "ndugu" ni adabu na unyenyekevu, haikanushi nasaba. Hata kwetu mzee wa miaka 80 anaweza kumwita kijana "ndugu yangu" mbele ya watu akimpa heshima, na hakuna atakayetoka pale akisema wamezaliwa tumbo moja. Jibu hilo linakubalika, ingawa silioni kama linaifuta hoja yenyewe.

Hoja yenye nguvu kwa wanaomweka kabla ya Nuhu iko kwenye aya ya 58 ya Sura Maryam, inayofuata mara tu baada ya Idrisa kutajwa. Inasema hao ndio aliowaneemesha Mwenyezi Mungu miongoni mwa manabii katika uzao wa Adamu, na katika wale tuliowapakia pamoja na Nuhu, na katika uzao wa Ibrahimu na Israili. Manabii wote ni uzao wa Adamu. Kwa nini basi Adamu atajwe peke yake, kisha waliopakiwa na Nuhu watajwe peke yao? Al-Tabari, mfasiri aliyefariki mwaka 923, na Ibn Kathir, mfasiri wa karne ya 14, wanasema: kwa sababu miongoni mwa waliotajwa yuko mmoja ambaye hakuwa katika kizazi cha safina. Naye ni Idrisa. Ukiisoma Sura nzima kwa utulivu unaona jinsi ufafanuzi huu unavyokaa mahali pake, nami ndio ninaouelekea.

Mlango wa Henoko

Mtu akisema Idrisa ni babu wa baba yake Nuhu, jina la baba yake Nuhu, na la babu yake, ameyapata wapi? Hapo tumeshaondoka kwenye Qur'ani.

Ibn Ishaq, mwandishi wa Sira wa karne ya 8, anamtaja Idrisa kuwa ni Akhnukh mwana wa Yard, na kuendelea hadi Shithi mwana wa Adamu. Huyo ni Henoko wa Kitabu cha Mwanzo, sura ya 5: mwana wa Yaredi, baba wa Methusela, babu wa Lameki, na Lameki ndiye aliyemzaa Nuhu. Biblia nayo inasema machache juu yake. Aliishi miaka 365, akaenda pamoja na Mungu, naye akatoweka, maana Mungu alimtwaa. Wenzake wote katika orodha ile wanamalizia na neno "akafa". Yeye peke yake halimfikii. Si ajabu Waislamu waliosoma "tulimwinua mahali pa juu" walipokutana na habari hiyo wakaona ni mtu mmoja.

Jinsi habari zilivyovuka kutoka kitabu kimoja hadi kingine inaweza kushikwa kwa mkono. Katika Ibn Kathir utakuta kwamba Idrisa aliishi miaka 308 ya uhai wa Adamu. Tarakimu gani hiyo? Haiko katika Qur'ani wala katika Hadithi sahihi. Chukua kalamu. Kwa Kitabu cha Mwanzo, Adamu alimzaa Shithi akiwa na miaka 130, Shithi akazaa akiwa na 105, Enoshi 90, Kenani 70, Mahalaleli 65, Yaredi 162. Jumlisha: Henoko alizaliwa mwaka wa 622 tangu Adamu. Adamu aliishi miaka 930. Toa 622 katika 930, unabaki na 308.

Nilipoifanya hesabu hiyo mara ya kwanza, nambari ikatua palepale, nilihisi kama nimeona alama ya unyayo kwenye mchanga. Kuna mtu, zamani, alikaa na orodha ya nasaba za watu wa Kitabu akahesabu kama nilivyohesabu mimi, na jibu lake likaendelea kunukuliwa karne baada ya karne hadi likafika kwenye vitabu vyetu bila kusema limetoka wapi. Halina ubaya. Ila ni vyema kujua ni Mwanzo ndiyo inayozungumza hapo.

Habari ya kwamba Idrisa ndiye wa kwanza kuandika kwa kalamu ina ukoo kama huo. Ibn Ishaq ameitaja. Lakini miaka mingi kabla yake, Kitabu cha Yubile, kilichoandikwa na Mayahudi katika karne ya 2 kabla ya kuzaliwa Isa, kinasema Henoko ndiye wa kwanza kati ya watu waliozaliwa duniani kujifunza kuandika na elimu na hekima. Kitabu hicho, pamoja na Kitabu cha Henoko chenyewe, kilipotea kwa watu wengi na kubaki kamili mahali pamoja: Ethiopia, kwa lugha ya Ge'ez, kwa sababu Kanisa la Kiorthodoksi la huko linavihesabu katika Biblia yake. Vipande vyake vya lugha za asili vilikuja kuonekana katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, yaliyoanza kugunduliwa mwaka 1947. Hutokea tukadhani habari za manabii wa mwanzo zimehifadhiwa Baghdad na Cairo peke yake, na kumbe jirani zetu wa kaskazini walikuwa wakizinakili kwenye ngozi muda wote huo.

Kuna pia Hadithi ndefu ya Abu Dharr inayosema Idrisa aliteremshiwa kurasa 30, na ndiye wa kwanza kuandika kwa kalamu. Inasomwa sana, na hesabu ya vitabu 104 vya manabii tuliyofundishwa inaegemea hapo. Katika sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, yumo Ibrahim bin Hisham al-Ghassani, ambaye wakaguzi wa wapokezi walimtuhumu kwa uongo. Anayeitaja aseme hivyo.

Na kisa cha Malaika? Katika sura yake ya zamani ni tofauti na ile tuliyosimuliwa mkekani, na kwa maoni yangu ni nzuri zaidi. Al-Tabari anapokea kwamba Ibn Abbas alimwuliza Ka'b al-Ahbar maana ya aya ile. Ka'b alikuwa Myahudi wa Yemen aliyesilimu baada ya Mtume kufariki, na alikuwa na elimu kubwa ya vitabu vya kale. Akasema Idrisa alifunuliwa kwamba kila siku anapandishiwa mfano wa amali za wanadamu wote, akatamani azidishe amali. Rafiki yake katika Malaika alipomjia, akamwambia: nizungumzie kwa Malaika wa mauti anicheleweshe kidogo. Yule Malaika akambeba kati ya mbawa zake akapanda naye. Mbingu ya nne wakakutana na Malaika wa mauti akishuka. Akamweleza haja ya rafiki yake. Malaika wa mauti akauliza, yuko wapi Idrisa? Akajibiwa, huyu hapa mgongoni kwangu. Akasema: ajabu! Nimetumwa nikamtoe roho Idrisa katika mbingu ya nne, nikawa najiuliza nitamtoaje roho mbingu ya nne naye yuko ardhini. Akamtoa roho palepale.

Ibn Kathir ameinukuu kisha akasema waziwazi: hii ni katika Israiliyati za Ka'b, yaani habari zilizotoka kwa Wana wa Israili, na baadhi yake ina yasiyokubalika. Angalia adabu yake. Hakukifuta kisa wala hakumtukana Ka'b. Alikiandika na kukibandika jina la mlango kilioingilia. Ndiyo njia aliyofungua Mtume (S.A.W.) mwenyewe, aliyeruhusu kupokea habari za Wana wa Israili, na pia akasema tusiwasadikishe watu wa Kitabu wala tusiwakadhibishe pale ambapo hatuna ushahidi. Kile kisa cha kukataa kutoka Peponi kinaingia hapohapo, na chenyewe ni dhaifu zaidi.

Kalamu, nyota na mchanga

Mlango wa tatu ulifunguliwa na wanajimu. Katika karne ya 9, zama za khalifa al-Ma'mun, kulikuwa na watu wa Harran, mji ulioko leo kusini mwa Uturuki, walioshika dini ya kale ya nyota na kumheshimu Hermes, mwalimu wa hekima wa Wagiriki na Wamisri. Walipohitaji kuonyesha kwamba nao wana Nabii anayejulikana kwa Waislamu, Hermes na Idrisa wakawa mtu mmoja. Abu Ma'shar, mnajimu mashuhuri kutoka Balkh aliyefariki mwaka 886, aliandika kwamba walikuwako akina Hermes watatu, na wa kwanza aliishi Misri ya juu kabla ya gharika, ndiye Henoko wa Waebrania na Idrisa wa Waarabu. Akamvika elimu ya nyota, utabibu na ujenzi wa mahekalu, na kwamba aliandika elimu zote ukutani zisipotee kwa maji. Kuanzia hapo Idrisa akawa baba wa kila elimu isiyojulikana baba yake.

Ninaelewa nia. Watu waliopenda hisabati na tiba walitaka elimu yao iwe na mizizi katika utume, isionekane ni mali ya wapagani. Lakini hakuna aya wala Hadithi sahihi inayomuunganisha Idrisa na Hermes.

Hata jina lake walilichimba. Wakasema ameitwa Idrisa kwa wingi wa kudurusu, mzizi uleule uliotupa sisi darsa na madrasa. Inavutia sikio. Al-Zamakhshari, mfasiri na bingwa wa nahau aliyefariki mwaka 1144, aliikataa kwa hoja ya kisarufi: jina lingekuwa la Kiarabu la mzizi huo, lingepokea tanwini, ile sauti ya "n" mwishoni mwa neno, kama Swalehe anavyosomwa "Salihan". Katika aya linasomwa "Idrisa", bila tanwini, kama majina ya kigeni yanavyosomwa. Mtu yeyote aliyehitimu msahafu ameshalitamka jibu hilo kwa ulimi wake mara nyingi bila kujua.

Na mlango wa mwisho uko hapa kwetu pwani. Ramli, ambayo jina lake ni mchanga kwa Kiarabu, inadaiwa na wapigaji wake kuwa ni elimu ya Nabii Idrisa aliyofundishwa na Jibrili. Mpigaji anadonoa nukta kwa haraka bila kuhesabu, safu baada ya safu, kisha anaziondoa mbilimbili hadi kila safu ibaki na nukta moja au mbili. Safu nne zinafanya sura moja. Kwa kuwa kila safu ina njia mbili tu, sura zinazowezekana ni 16, na kutokana na hizo anakusomea safari, ndoa, mgonjwa na mwizi. Mtu aliyefikwa na shida, mtoto hapati nafuu na pesa za hospitali zimekwisha, anaambiwa "hii ni elimu ya Nabii", naye anatoa cha mwisho alichonacho kwa imani. Hili linaniuma kuliko visa vyote.

Hoja yao ni Hadithi iliyoko katika Muslim, ya Mu'awiya bin al-Hakam al-Sulami. Alimweleza Mtume (S.A.W.) kwamba miongoni mwao kuna wanaoendea makuhani, akaambiwa wasiwaendee. Akasema kuna wanaopiga mistari. Mtume akajibu: alikuwako Nabii miongoni mwa manabii akipiga mistari, basi atakayeafikiana na mstari wake, ndivyo. Kwanza, Hadithi haikumtaja Idrisa. Walioweka jina ni watu wa baadaye, na wengine wakasema ni Danieli. Pili, al-Nawawi, mshereheshaji wa Muslim aliyefariki mwaka 1277, ameeleza kwamba ruhusa imefungwa kwa sharti lisilopatikana: hakuna njia ya kujua kwa yakini mstari wa Nabii huyo ulikuwaje, kwa hiyo hakuna wa kuafikiana nao, na jambo linabaki haramu. Hadithi wanayoishika kuhalalisha ni ileile inayokataza kwenda kwa makuhani.

Katika mapokezi dhaifu kuna moja ambalo silijengei hukumu, ila sijawahi kulisahau. Imesimuliwa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Idrisa alikuwa mshonaji, na kwamba hakuchomeka sindano ila alisema Subhanallah, ikawa jioni ikiingia hakuna duniani mwenye amali bora kuliko yeye. Mafundi cherehani wa barazani wanaipenda habari hii, na nimemwona mzee mmoja ambaye kila akifika mwisho wa mshono, kabla ya kukata uzi, midomo yake hucheza kidogo.

Ninarudi kwenye al-Anbiya. Aya mbili kabla ya Idrisa kutajwa ni kisa cha Ayubu na ugonjwa wake, na aya inayofuata ni Yunusi tumboni mwa samaki. Katikati ya mitihani hiyo miwili Idrisa anasimama na Ismaili na Dhulkifli, wote wameitwa wenye kusubiri. Subira ya Ayubu tumeelezwa ilikuwa juu ya nini. Subira ya Idrisa haikuelezwa, na katika visa vyote nilivyovipitia, vya Malaika na vya nyota na vya mchanga, hakuna hata kimoja kilichojaribu kuieleza.